Tundu la Saba Kwenye Boneti

Udongo wenyewe ulikuwa mdogo sana, haufiki hata ncha ya kijiti cha kiberiti. Ulikuwa umejibana ndani ya mfereji wa mlango wa kushoto, pale bati linapokutana na bati, na kama Walubengo asingekuwa mtu wa kugeuza kila kitu mara tatu kwenye mwanga wa dirisha, asingeuona kamwe. Aliuchokoa kwa sindano, akauweka juu ya kidole gumba, akauponda. Mwekundu. Udongo wa kufinyangia vyungu.

Ilikuwa saa ya chakula na mafundi wenzake walikuwa wamekwenda kula. Alibaki peke yake kwenye gereji, gari likiwa kiganjani.

Gari hilo halikuzidi urefu wa kiatu cha mtu mzima. Kazi ya Walubengo hapa Kitale ilikuwa kunyoosha milango iliyobonyea na kuziba kutu kwenye pikapu za wakulima wa mahindi. Lakini jioni, na Jumapili baada ya kanisa, alitengeneza hotirodi. Neno hilo alilipata kwenye gazeti kuukuu la picha alilolikuta nyuma ya soko, limechanganywa na vitabu vya shule vilivyotumika. Ndani yake mlikuwa na magari ya kale ya Amerika ambayo vijana wa huko waliyakata paa yakawa mafupi, wakayavua madigadi, wakaiacha injini wazi mbele, kisha wakayapaka miali ya moto inayoramba kutoka kwenye boneti hadi mlangoni. Walubengo alilitazama gazeti lile wiki nzima. Kisha akachukua debe la mafuta ya kupikia, mkasi wa bati na risasi ya kulehemu, akaanza.

Alikata kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi moja ya gari lenyewe. Bati alilikunja juu ya kalibu ya mbao aliyoichonga kwa mkono. Spoki za baiskeli zikawa mabomba ya moshi, soli za ndara zikawa magurudumu. Kila gari lilipokamilika, kalibu yake aliitia motoni. Hakutaka kuwe na la pili. Hilo ndilo alilomwambia Daktari Kipketer, daktari wa mifugo aliyekuwa na kabati la vioo sebuleni lililojaa kazi za Walubengo. "Daktari, hii iko moja tu. Dunia mzima."

Kitu kimoja tu hakukiweza. Rangi ya msingi aliipuliza vizuri, lakini ile miali, na ile mistari myembamba kama unywele inayoizunguka, ilimshinda. Vidole vyake vilikuwa vimezoea nyundo. Hiyo ilikuwa kazi ya Sharif wa Bungoma, mchoraji wa mabango, ambaye Walubengo alimkuta Webuye akiandika jina la tajiri mmoja kwenye mlango wa lori. Walipatana siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kwa miaka minne, Walubengo alilifunga gari ndani ya boksi la viatu, akampa Kimaiyo dereva wa lori la soda, na Kimaiyo akalishusha mlangoni kwa Sharif karibu na msikiti. Baada ya wiki moja gari lilirudi likiwaka.

Siku hizi wiki moja ilikuwa imegeuka mwezi. Na sasa kulikuwa na udongo.

Walubengo aliketi juu ya tairi kuukuu, akaanza kukusanya mambo ambayo alikuwa ameyaacha yapite. Gari la mwezi wa tatu lilirudi na unga mweupe chini ya kiti cha dereva. Alidhani ni vumbi la msasa. Halafu simu. Zamani ukimpigia Sharif ni yeye anayekuchosha, atakueleza mpaka bei ya brashi. Tangu mwaka huu wa elfu mbili na sita uanze, simu ilikuwa ikishikwa na mkewe. Sharif analala. Sharif ametoka kidogo. Siku moja tu alimpata mwenyewe, naye akasema, "Kazi iko sawa," kwa sauti nzito kama mtu aliyejaza chakula mdomoni, akakata.

Unga mweupe ulikuwa plasta. Udongo ulikuwa wa kuchukulia umbo. Fundi yeyote anajua: unakandamiza kitu kwenye udongo laini, unakitoa, unamimina plasta ndani ya alama yake, ikikauka una pacha wa kitu hicho. Ukifanya tena una watatu.

Jioni alimweleza mkewe, Sellah, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni.

"Si umuulize tu?" Sellah akasema.

"Mwizi haulizwi."

"Kumbe ushamuita mwizi."

"Sasa niite nini? Mtu anachukua umbo ya gari yangu, hasemi, simu hashiki."

"Mimi naona ungemuuliza," Sellah akasema tena, akaendelea na mboga zake.

Hakumuuliza. Alichofanya ni kutega. Gari lililofuata lilikuwa kigari cha watu wawili, paa limebanwa chini kama kofia ya askari, na kwenye kila upande wa boneti kulitakiwa kuwa na matundu membamba saba ya kuipumulisha injini. Upande wa kushoto Walubengo alikata saba. Upande wa kulia alikata sita, akayatawanya kidogo, nafasi moja akaiacha wazi karibu na kioo. Mtu wa kawaida asingetambua. Lakini kama mapacha wa gari lile wangeanza kuonekana madukani, iwe Bungoma, iwe Eldoret, kila mmoja wao angekuwa na saba huku na sita kule, na Sharif asingekuwa na pa kukimbilia.

Alilifunga kwenye boksi, akampa Kimaiyo, akangoja. Wiki tano.

Liliporudi alilipeleka moja kwa moja dirishani. Rangi ya msingi ilikuwa nyeusi ya kung'aa, yake mwenyewe, na juu yake moto ulikuwa umepakwa kuanzia rangi ya maziwa kwenye ncha ya boneti, ukaingia manjano, ukaingia rangi ya chungwa, ukafia mlangoni kwa wekundu wa damu ya mzee. Kila ulimi wa moto ulizungukwa na mstari wa samawati ambao ukiutazama vibaya unapotea. Hakuwa amewahi kupata kazi safi kama hiyo. Akalichunguza tumboni, milangoni, chini ya viti. Hakuna udongo. Hakuna unga. Kisha akahesabu matundu.

Kushoto saba. Kulia saba.

Akahesabu tena kwa ncha ya sindano. Saba. Akafikiri labda wamelikata, akapitisha ukucha juu ya lile lililo karibu na kioo, na ukucha ukateleza bila kukwama popote. Pale hapakuwa na tundu. Palikuwa na mstari mweusi, na chini yake mstari wa kijivu mwembamba kuliko ule mweusi, na chini ya huo chembe ya weupe mahali ambapo mwanga ungegonga ukingo wa bati. Tundu la rangi. Limepakwa likamdanganya yeye aliyeyakata yale mengine.

Jambo hilo halikumtuliza hata kidogo. Lilimtia baridi. Sharif akiona kosa angepiga simu siku hiyo hiyo, amcheke mpaka salio liishe. Huyu aliyepaka aliona, akanyamaza, akafunika. Basi mkono huu haukuwa wa Sharif. Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile, hodari kumzidi Sharif, anayejua kuficha vitu, na hakuna aliyefikiri Walubengo ana haki ya kujua jina lake.

Siku iliyofuata alimkuta Kimaiyo kwenye uwanja wa malori, anakunywa chai amesimama.

"Ukipeleka boksi Bungoma, nani hupokea?"

"Mama. Kila siku ni mama."

"Na Sharif?"

"Huyo sijamuona kitambo, bana." Kimaiyo akapuliza chai yake. "Lakini magari zako nimeona. Juzi mama alichelewa kufungua, nikazunguka uani. Zimepangwa kwa ukuta zinakauka. Saba, nane hivi. Nyeupe. Zote sawasawa, ati kama zimezaliwa siku moja."

Walubengo alihisi masikio yakipata moto. Wapakiaji watatu wa soda walikuwa wameketi hapo karibu na hakujali.

"Huyo ni mwizi," akasema. "Unasikia, Kimaiyo? Miaka nne nampatia kazi, kumbe ananikopi. Nyumba mzima ni wezi."

"Eh," Kimaiyo akasema. "Pole sana."

Walubengo alitaka kwenda Bungoma kesho yake, lakini kulikuwa na pikapu ya mteja wa Saboti iliyogongwa na ng'ombe, na mwenye gereji hakutaka kusikia habari nyingine. Zikapita siku tisa. Siku hizo zote Kimaiyo alikuwa akishusha soda Bungoma, Bumula na kila duka lililo katikati, na Kimaiyo hakuwa mtu wa kukaa na habari.

Jumamosi saa nne asubuhi Walubengo alisimama mbele ya mlango wa kijani karibu na msikiti, mkoba begani, gari la matundu sita likiwa ndani yake limefungwa kwa fulana. Alibisha hodi. Alikuwa amepanga maneno yake njiani tangu gari lilipopita Kiminini.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, amejitanda leso ya buluu, na vidole vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye fundo la kwanza. Walubengo alikuwa amemsikia kwenye simu mara nyingi lakini hakuwa amemwona. Khairunisa, mke wa Sharif. Alimtazama mkoba, akamtazama uso.

"Wewe ndiye Walubengo."

"Ndiye mimi, shemeji."

"Mwizi wako yuko ndani. Ingia umuone."

Maneno yote ya kutoka Kiminini yakamtoka kichwani. Alivua viatu, akaingia.

Sharif alikuwa ameketi kwenye kochi karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, shati limemwelea mabegani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya paja kama kitu ambacho mtu mwingine alikiweka pale akasahau kukichukua, na upande huo huo wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alipomwona Walubengo macho yake yalifurahi, halafu yakakumbuka jambo, yakaacha kufurahi.

"Kiharusi," Khairunisa akasema nyuma yake. "Mwaka jana, katikati ya Ramadhani."

"Mimi hakuna mtu aliniambia."

"Alikataa uambiwe. Alisema ukijua utapeleka kazi kwa mchoraji wa Eldoret."

Walubengo alikaa bila kuambiwa. Alimhurumia rafiki yake, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli, lakini chini yake lile swali lilikuwa bado limekaa palepale. Mtu mgonjwa anaweza kuwa na njaa, na mwenye njaa anaweza kuuza.

"Na nani anapaka?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi hupaka maharusi hina tangu nikiwa msichana," Khairunisa akasema. "Mji huu wote. Unadhani mkono unaojua kuchora ua kwenye ukucha utashindwa na bati?" Kisha, bila kumngoja ajibu, akaelekea mlango wa nyuma. "Njoo. Si umekuja kuangalia? Njoo uangalie."

Uani kulikuwa na rafu ya mbao chini ya bati, na juu ya rafu hiyo, na juu ya ukuta mfupi wa choo, yalikuwa magari. Walubengo alisimama. Yalikuwa ya plasta, meupe chini ya rangi, na yote aliyajua. Lile refu la mwezi wa tatu, mara sita. Lile la mwezi wa tano. Na lile la mwisho, kigari cha watu wawili chenye paa la kubanwa, mara nane, katika mstari. Alilinyanyua moja, akahisi uzito wake, akaona kwenye ubavu wake mkunjo aliouhangaikia wiki mbili.

"Na hizi?" akasema, na sauti yake ilikuwa sauti ya mtu aliyepata alichokifuata. "Hizi ni za nini, kama si za kuuza?"

"Angalia rangi kwanza, halafu useme."

Aliangalia. Kwenye la kwanza miali ilikuwa mibaya, minene kama ndizi, imetiririka. Kwenye la pili ilikuwa imekaa, lakini ilipofika kwenye mkunjo wa boneti ilivunjika kama mtu aliyekosa ngazi. La tatu. La nne. Mstari wa samawati ulianza kuonekana kwenye la tano, unatetemeka. Kwenye la nane ulikuwa umetulia.

"Mkono wa bibi harusi una joto," Khairunisa akasema. "Unapumua, unakusaidia. Bati ni baridi, halikwambii kitu. Na wewe uliniletea moja tu. Nikiharibu nitafanya nini? Nitakupigia simu nikwambie nini? Ndiyo nikamuuliza Sharif, akanionyesha vile ya kuchukua umbo. Mpaka nikipata kwa plasta bila kukosea, ndiyo nagusa yako."

"Hakuna yenye ilitoka hapa?"

"Hesabu."

Aliona haya kuhesabu mbele yake, lakini alihesabu. Kila gari lilikuwa na safu yake, kuanzia jaribio baya mpaka jema, na hakukuwa na pengo.

Na bado hakuamini kabisa. Macho yake yalimwangalia vidole. Khairunisa aliona. Alivuta kigoda, akachukua koni ndogo ya plastiki kama zile za hina, lakini iliyojazwa rangi ya mafuta, akakata ncha yake kwa wembe, akalishika gari la kwanza lenye miali minene. Alivuta pumzi, akaishikilia. Mkono ukashuka, ukazunguka, ukapanda mkunjo wa boneti bila kusita, ukashuka upande wa pili, na ulimi mmoja wa moto ukatokea juu ya yale makosa ya zamani, na mstari wake ulikuwa mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndipo akatoa pumzi. Katika miaka minne hakuwahi kumwona Sharif mwenyewe akifanya hivyo bila kuinua brashi.

Ili tu asibaki anamtazama, alilinyanyua la tatu katika ile safu ya nane, akaligeuza upande wa kulia.

Karibu na kioo, penye nafasi tupu, kulikuwa na doa jeusi. Kwenye la nne doa lilikuwa limekuwa mstari, mnene mno. Kwenye la tano mstari wa kijivu ulikuwa umeongezwa mahali pasipofaa, juu badala ya chini, na kulifanya tundu lionekane limevimba. La sita. La saba. Kwenye la nane chembe ya weupe ilikuwa imefika mahali pake.

"Uliona," Walubengo akasema.

"Niliona siku ya kwanza. Kulia kuna sita."

"Mbona hukuniambia?"

Khairunisa alifuta ncha ya koni kwa kitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu afungue mlango, sauti yake ilikuwa imelegea kidogo. "Nilidhani umechoka. Mtu akifanya kazi ya watu mchana, na hii jioni, lazima siku moja achoke. Nikasema nikimpigia simu atajisikia vibaya. Afadhali nimfichie. Siku nne nilitafuta vile tundu linakaa kwenye mwanga. Nilikaa hapa na taa ya betri, nikalimulika huku, nikalimulika kule."

Walubengo alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angesema ndiyo, shemeji, nilichoka, asante sana, na jambo lingeishia hapo juu ya rafu. Alikuwa amefungua mdomo aseme hivyo hivyo.

"Walubengo," sauti ikasema mlangoni, "hakosei... hesabu."

Sharif alikuwa ameinuka kwenye kochi. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango kwa bega lake zima, na kila neno lilimgharimu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamwangalia Walubengo kama fundi anavyomwangalia fundi mwenzake.

Khairunisa alimgeukia mumewe, kisha akamgeukia mgeni. Walubengo aliona jambo likiingia machoni mwake hatua kwa hatua.

"Ulifanya makusudi," akasema.

"Nilitaka kujua kama mnauza zingine."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akichota maji, ndoo ikagonga jiwe.

"Jumatano," Khairunisa akasema, "nilikuwa nimpake hina Nimo, binti ya Kadija wa duka la vitambaa. Kadija akapiga simu. Akasema harusi ina wageni wengi na dhahabu nyingi, na watu wanasema nyumba hii si safi. Nilimuuliza watu gani. Akasema watu wa soda." Aliweka koni juu ya rafu, polepole. "Miaka ishirini naingia vyumba vya ndani vya watu. Hakuna pini imepotea."

"Mimi nilisema kwa hasira tu."

"Najua vile ulisema. Rudi Kitale, bwana Walubengo."

Hakumwita shemeji. Walubengo alivaa viatu vyake kibarazani, na Sharif, kutoka dirishani, aliinua mkono wa kushoto kidogo, akaushusha.

Hakurudi Kitale moja kwa moja. Aliuliza njia mpaka duka la vitambaa, akamkuta Kadija, mama mnene mwenye miwani, akipima kitambaa cha pazia. Alimwambia yeye ni nani na alisema nini na kwamba halikuwa kweli. Kadija aliendelea kupima mpaka mwisho, akakata, akakunja.

"Harusi ilikuwa jana," akasema. "Mtoto alipakwa na mtu wa Mumias. Vibaya."

"Basi ukikutana na watu uwaambie."

"Si wewe uliwaambia mara ya kwanza? Waambie wewe."

Na akawaambia, kwa kadiri alivyoweza. Alimwambia Kimaiyo kwenye uwanja wa malori, mbele ya wapakiaji wale wale, na Kimaiyo akasema, "Lakini si ni wewe ulisema ni mwizi?" Walubengo akasema ndiyo, ni mimi, na nilisema uongo. Wapakiaji wakaangaliana. Aliona kwamba habari hii haikuwapendeza kama ile ya kwanza, na kwamba haingefika Bumula haraka hivyo. Sellah alipoelezwa hakusema nilikwambia. Alimwongezea ugali.

Kwa Daktari Kipketer alikwenda na lile gari jeusi. Daktari alilipokea kwa mikono miwili, akalisifu sana, na Walubengo akamwambia apitishe ukucha juu ya tundu la saba. Daktari akapitisha, akapitisha tena. Walubengo akamweleza yote, pamoja na habari ya plasta, kwa sababu alikuwa amemwahidi kwamba hakuna la pili.

"Kwa hivyo mwaka mzima nimekuwa nikiangalia kazi ya mama ambaye simjui jina," Daktari akasema.

"Anaitwa Khairunisa."

"Na hayo ya plasta, uliyachukua?"

"Si yangu," Walubengo akasema, na alipoyasema maneno hayo akajua kwamba ni kweli.

Miezi mitatu ikapita. Alitengeneza gari moja, akajaribu kulipaka mwenyewe kwa koni aliyoikunja kutoka kwenye mfuko wa maziwa. Miali ikatoka minene kama ndizi. Akaifuta kwa thina, akajaribu tena, akaifuta. Hakumtafuta mchoraji wa Eldoret. Mwezi wa Desemba, Jumamosi, alilichukua gari hilo hivyo hivyo, halina moto, akaenda nalo Bungoma mwenyewe mkononi.

Khairunisa alifungua mlango nusu.

"Sikuleta kwa lori," Walubengo akasema. "Nimeleta mwenyewe. Ukikataa nitarudi nayo."

Alilichukua. Aligeukia kwenye mwanga, akalipitia lote kwa ncha za vidole, upande mmoja, upande wa pili, tumbo, akihesabu kwa midomo bila sauti. Ilichukua muda mrefu. Walubengo alisimama pale nje, jua likimchoma kisogoni, akitazama vidole vile vikitafuta uongo.

"Iko sawa," Khairunisa akasema mwishoni. "Lakini jina langu liandikwe chini. Langu, si la Sharif. Na utakuwa unaleta mwenyewe, unangoja, unaondoka nayo. Sitaki dereva."

"Sawa."

"Na nikisema imeharibika, imeharibika. Hutaniuliza mara mbili."

"Sawa, shemeji."

Alifungua mlango wote. Sharif alikuwa kwenye kochi lake, na safari hii alikuwa na kipande cha msasa katika mkono wa kushoto, anasugua gurudumu la plasta alilokuwa ameliegemeza kwenye goti. Alimwonyesha Walubengo pa kukaa kwa kidevu. Wakaanza kuzungumza, polepole, habari za brashi na bei zake, Sharif akitafuta kila neno na Walubengo akingoja mpaka alipate.

Khairunisa alileta chai, akaiweka. Kisha akavuta kigoda chake cha kazi kutoka uani, akakiingiza ndani, akakiweka upande wa pili wa chumba mkabala na mgeni, mahali ambapo angeweza kupaka na bado akaiona mikono ya Walubengo.